Mzee wa Baraza Aliyefuturu Kwetu

Kabla sijasema lolote la kesi, niseme la kwangu kwanza: mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikisalimiwa mara mbili kwa siku moja, ile salamu ya pili naipeleka ndani kuichunguza. Hakukosea. Nilizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge, ambako wazazi wangu walifika kutoka mbali kutafuta kazi, na mtoto wa kambi anajifunza mapema kwamba mnyapara akikuchekea kuna jambo. Nimezeeka na tabia hiyo. Sijaiacha hata baada ya haya ninayotaka kuyaeleza, ila tangu wakati ule najishuku na mimi mwenyewe.

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa nauza chai na maandazi Korogwe, kwenye banda lililotazamana na mahakama. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya banda hilohilo. Sukari ilikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo watu walikuja kwangu kufuata maneno zaidi kuliko utamu wa chai. Na maneno yalikuwepo. Wenye kesi na wasio na kesi wote walipita bandani, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya jengo lile la ng'ambo ya barabara.

Kesi ndogo za kila siku, za mbuzi walioingia shambani na watu waliopigana kilabuni, hazikutusumbua. Tuliyemshuku ni jaji. Huyo alikuja mara chache, kwa gari kutoka Tanga, kusikiliza kesi za mauaji, na siku hizo madirisha ya mahakama yalijaa vichwa. Aliandika kila kitu kwa mkono. Shahidi alisema maneno mawili matatu, akasimamishwa, akangoja kalamu imalize, ndipo akaendelea. Jaji hakumtazama usoni. Sisi wa dirishani tulinong'onezana kwamba mtu asiyekutazama usoni ameshajua atakachokufanya. Tena kulikuwa na Kiingereza. Shahidi alisema Kiswahili, karani akageuza, mawakili wakaongea na jaji kwa Kiingereza chao, kisha yakarudi kwetu kwa Kiswahili. Maneno yalikwenda marefu yakarudi mafupi, hilo tuliliona sote.

Kilichotuchekesha kuliko vyote ni wakili. Mshtakiwa maskini alipewa wakili wa bure na serikali, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyomshtaki. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu, alisema huo ni mchezo wa bao ambao mtu mmoja anacheza pande zote mbili. Tulicheka siku nzima, na hakuna aliyembishia.

Pembeni ya jaji walikaa wazee wa baraza, raia watatu walioitwa kusikiliza kesi na mwishoni kumwambia jaji wanaonaje, mtu ana hatia au hana. Nilikuja kujua baadaye kwamba jaji halazimiki kuwafuata. Wakati ule sikujua, na angeniambia mtu nisingeamini. Mtaani kwetu tulishakubaliana kwamba wazee ndio wanaoamua, jaji kazi yake kuandika. Kwa hiyo anayetaka kununua kesi atawaendea wazee, na sisi tuliwakodolea macho kila walikopita.

Kesi iliyojaza Korogwe ilitoka upande wa Handeni, huko Mkata. Mwenyekiti wa kijiji kipya alikutwa asubuhi amekufa kando ya shamba la muhogo, amepigwa kichwani. Angekuwa mtu wa kawaida, mji usingejaa. Lakini alikuwa mwenyekiti, na watu walikuwa wanahamishwa, na kila aliyehamishwa alikuwa na lake moyoni. Kuna waliokuja kuona muuaji akihukumiwa, na kuna waliokuja kimyakimya kumwona mtu aliyethubutu. Wote, wa huku na wa kule, walikunywa chai yangu wakisema hukumu ilishapangwa.

Mshtakiwa alikuwa mkulima wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kuinamisha kichwa. Paa la nyumba yake ya zamani lilikuwa limeezuliwa ili asirudi huko, naye akagombana na mwenyekiti mbele za watu. Alfajiri ya siku iliyofuata alionekana akipita na shoka begani. Baada ya hapo hakuonekana tena kijijini. Siku ya nne askari walimkuta kwa mjomba wake, ndani kabisa Handeni. Hakuna aliyemwona akimpiga mtu. Kesi yote ilisimama juu ya ugomvi, shoka na kule kuondoka kwake bila kuaga.

Mama yake nilimkuta ameketi chini ya ukingo wa banda langu siku ya kwanza, amekumbatia kifurushi cha kaniki. Hakuwa na ndugu Korogwe, na kurudi Mkata kila jioni kusingewezekana. Nikamwambia, "Mama, ingia ndani, utalala na wanangu." Hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na huzuni ilipomzidi aliacha Kiswahili akasema Kizigua. Mimi Kizigua nilikiokota sokoni, nikakijua vizuri, kwa hiyo nilijiona nawajua na wenyewe Wazigua. Yeye akaniita mwanangu, nami kwa hilo peke yake ningempigania na mtu yeyote.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mchana banda halikuwa na kazi, isipokuwa wachache wasiofunga waliokunywa chai nyuma ya pazia la kanga. Mama yule hakuruhusiwa kuingia mahakamani kwa sababu angeitwa kutoa ushahidi upande wa mwanawe, na shahidi haruhusiwi kusikia wenzake. Basi mimi nikawa masikio yake. Nilisimama dirishani, nikasikiliza, nikarudi kumweleza. Kila jioni alinitazama mdomo kabla sijaufungua.

Kati ya wale wazee watatu, wawili niliwaelewa. Mmoja alikuwa mtu wa kambini kama sisi, aliyewahi kuwa msimamizi shambani, na mwingine Msambaa aliyeshuka kutoka milimani. Waliuliza maswali, walitikisa vichwa, walipiga miayo ya funga. Wa tatu ndiye aliyeninyima raha. Alikuwa mzee wa Kizigua kutoka Handeni, amevaa koti jeusi juu ya kanzu, akikaa amefumba macho kama anayesinzia. Siku mbili nzima hakufungua kinywa. Nilimwambia mume wangu, "Yule ameshapewa lake, anangoja siku tu." Mume wangu akasema labda ana njaa.

Siku ya tatu mshtakiwa mwenyewe alisimama kujitetea. Akasema alichukua shoka kwenda kukata miti ya kujengea, kisha hasira ikamzidi, akaiacha kazi akaenda kwa mjomba wake. Wakili wa serikali akamshika hapo hapo. Kwa nini hakumuaga jirani hata mmoja? Kwa nini siku hiyo hiyo aliyouawa mtu? Mshtakiwa akarudia tu kwamba alikwenda kwa mjomba. Ndipo mzee wa koti jeusi alipofumbua macho, akaomba kuuliza.

"Mjomba wako anakaa wapi?"

Akatajiwa kijiji.

"Ni kaka wa mama yako, tumbo moja?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akafumba macho yake tena. Dirishani watu waliguna. Mimi damu ilinichemka, kwa sababu nilijua maana yake, au nilijiona najua: wameshampata mtoto, sasa wanamtafuta na mjomba aliyemficha. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, "Yule mzee mwenzenu anamwulizia kaka yako. Anataka kumwingiza na yeye." Sikumwambia alivyouliza. Nilimwambia nilivyoelewa mimi. Mama akaniuliza kwa Kizigua kama wana ushahidi wowote juu ya kaka yake, nikasema kwa watu hawa ushahidi unatafutwa baadaye.

Jioni ile ile ndiyo ya futari.

Mtaa wetu una desturi, nami nimeikuta. Magharibi ikikaribia wanaume hutandika mikeka barazani mbele za nyumba, kila nyumba hutoa sinia lake, na mpita njia haachwi apite. Anavutwa mkono akae, hata kama hajulikani, hata kama kwake wamepika. Kukataa ni kumtukana mwenye mkeka. Sisi wanawake tulifuturu uani na watoto, na mama yule alikuwa nasi huko.

Nilikuwa nimepika muhogo wa nazi na samaki. Nilipopeleka bakuli la uji mbele, nikachungulia mlangoni, nikaona wageni wawili kwenye mkeka wetu. Mmoja alikuwa mdogo wake marehemu mwenyekiti, aliyetoa ushahidi juzi yake. Alikuwa anapita kwenda alikofikia, mume wangu akamkalisha. Wa pili alikuwa mzee wa koti jeusi, ametoka msikitini, naye akavutwa mkono, na nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye sinia lile lile. Nikamwona yule mzee akimega samaki, akasogeza kipande kizuri upande wa mwenzake, bila kumtazama usoni. Wazee wote hufanya hivyo. Baba mkwe wangu alifanya hivyo maisha yake yote. Nilikuwa najua. Na pale mlangoni, na bakuli mkononi, niliamua kutojua.

Niliporudi uani nilimwambia mama, "Yule mzee nimemwona anakula na mdogo wake marehemu. Sinia moja. Anammegea samaki."

Akaniuliza, "Umewaona wapi?"

Nikasema, "Mtaani."

Hapa ndipo pananiuma. Ningewezaje kumwambia kwamba adui yake anafuturu kwenye mkeka wangu, muhogo niliomenya na yeye akinisaidia? Niliona haya. Neno hilo moja, mtaani, nililisema kwa haya tu, halafu nikalazimika kuishi nalo.

Asubuhi yake wakili wa mshtakiwa alikuja kunywa chai nyuma ya pazia. Nikamwambia. Kijiko kikasimama kwenye kikombe chake.

"Umeona kwa macho yako, dada?"

"Kwa macho yangu haya."

Sikujua kwamba mambo yangekwenda mbio namna ile. Kabla ya adhuhuri nilikuwa ndani ya mahakama, si dirishani, nimesimama mbele ya jaji niliyemshuku miaka yote. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, nikatamani aandike tu. Mama alikuwa ameruhusiwa kuingia, maana alishamaliza kutoa ushahidi wake asubuhi ile. Alikaa benchi ya mbele.

Nikaulizwa kama niliwaona wale wawili wakila pamoja. Nikasema ndiyo. Sinia moja? Ndiyo. Mzee alimpa mwenzake chakula kwa mkono wake? Ndiyo, samaki. Basi. Hakuna aliyeniuliza sinia ni la nani, wala nani aliwaita. Mimi niliyekuwa nasema mahakama haiulizi isipokuwa inalotaka kusikia, nilishukuru kwamba haikuuliza. Nikajibu ndiyo zangu tatu, kalamu ikaziandika.

Kisha wakamuuliza mzee. Akasema, "Nilifuturu."

"Kwa nani?"

"Nilikaribishwa nikala, mheshimiwa. Mwenye nyumba hana kosa, sioni sababu ya kumleta hapa."

Jaji akarudia swali. Mzee akasema hana zaidi. Alikuwa amenitambua, nina hakika, kwa sababu mimi ndiye niliyemnawisha mikono baada ya kula. Hakugeuza hata shingo upande wangu. Watu wakanong'ona kwamba mtu asiye na la kuficha angetaja, na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja niliwaza hivyo hivyo. Jaji akamtoa kwenye kesi. Akasema itaendelea na wazee wawili waliobaki.

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Alipopita bandani jioni akielekea kituo cha basi, nilijifanya napuliza moto. Akasimama.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msalimie bwana, mwambie nashukuru kwa futari." Akaenda zake.

Mume wangu aliposikia, hakunipiga wala kunifokea. Alisema, "Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamkalisha." Nikamwomba aende akaseme. Akaniuliza aende aseme mke wake ni mwongo, mbele ya mama tunayelala naye nyumba moja? Hakwenda. Nimemlaumu kwa hilo, na sina haki.

Wazee wawili waliobaki walisema maoni yao wamesimama. Wa kambini alisema mtu asiye na kosa hakimbii. Msambaa alisema vivyo hivyo kwa maneno mengine, kwamba mtu mwema angebaki kwake na kumwambia baba yake au majirani. Jaji aliandika, akaahirisha, akarudi, akasoma kwa muda mrefu. Karani akatugeuzia kwa ufupi: ana hatia, atanyongwa. Mtaani ikasemwa kwamba ilishapangwa. Wateja wangu walilirudia neno hilo wiki nzima, na mimi nikawamiminia chai.

Mama hakulia pale. Alifunga kifurushi chake, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwanangu, angalau yule aliyenunuliwa ulimtoa. Walibaki wawili safi, na bado wamemwona ana hatia. Labda ndivyo ilivyoandikwa." Nikamsindikiza hadi basi la Mkata. Rufaa ilikatwa, ikakataliwa. Barua ilipofika kwamba mwanawe ameshanyongwa, mama alinitumia habari kwa kondakta wa basi. Maiti haikuletwa. Na Ramadhani ya mwaka ule, kondakta yule yule alinishushia kikapu cha muhogo kutoka kwa mama, wa futari, kwa shukrani.

Mwaka wa pili baada ya kesi, mzee wa koti jeusi alipita Korogwe akienda kupanda treni. Alikaa bandani kwangu. Nilimpa chai nikakaa mbele yake, jambo ambalo sikuwa nafanya na wateja.

Nikasema, "Mzee, siku ile ungeachwa, ungesema nini?"

Alipuliza chai yake kwanza. "Ningesema hakukimbia. Sisi Wazigua mtoto ni wa mjomba. Mtu akivunjikiwa na nyumba haagi jirani, wala hakai kusubiri baba zake. Anakwenda kwa kaka wa mama yake. Hata mtoto mdogo kwetu analijua hilo. Na kama angeua, huko asingekwenda, maana ndiko pa kwanza atakapotafutwa. Na kweli ndiko walikomkuta. Ndiyo maana niliuliza kama ni tumbo moja."

"Jaji angekusikiliza?"

"Sijui, binti yangu. Halazimiki. Lakini alikuwa anaandika kila neno, nami nilitaka na hilo liandikwe."

Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza na habari za uji na samaki, naye akasema treni inakaribia. Nilibaki na kikombe chake mkononi, nikijiuliza kama amenisamehe au ananipima tu. Ndivyo nilivyo.

Ramadhani iliyofuata, kikapu hakikuja na kondakta. Alikuja mama mwenyewe, amekonda, muhogo kichwani. Alisema alitaka kufuturu nami kabla miguu haijamkataa. Mbele ya nyumba mume wangu alitandika mkeka kama kawaida, lakini tangu kesi ile wapita njia walibadili upande wa barabara wakifika kwetu. Hakuna aliyetaka kuonekana amekula na nani.

Tulikaa uani, mimi na mama, na sinia lilikuwa lile lile, kwa sababu sikuwa na jingine. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Tangu asubuhi nilikuwa natafuta pa kuanzia, nikaona nianze na neno mtaani. Adhana ikalia, tukafungua kwa maji. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Wote walimla mwanangu. Wewe peke yako ulisimama ukamsemea. Kila nikiswali nakutaja."

Nilitazama sinia. Nikamega samaki, nikasogeza kipande kizuri upande wake, na sikumtazama usoni.